Biashara ya Bunduki katika Mji wa Maporomoko



Huko ng'ambo yako makampuni makubwa yanayotengeneza bunduki, mizinga na ndege za vita. Kama wafanyabiashara wengine, nayo hukadiria soko lao: nchi gani itanunua mwaka ujao, nayo ina fedha kiasi gani? Katika hesabu hizo Kongo haisahauliki. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayochunguza mambo ya silaha, ilionyesha kwamba mwaka 2023 matumizi ya jeshi la Kongo yalipanda kwa asilimia 105, yakafika dola milioni 794. Mwaka ule hakuna nchi nyingine ambayo matumizi yake yalipanda kwa asilimia kubwa namna hiyo. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni habari njema. Lakini sisi wa Kisangani tunalijua soko hili tangu zamani, na yafaa tukumbuke lilivyoanza.

Stanley aliyapita maporomoko yetu mwaka 1877, na mwezi wa Desemba 1883 akaweka kituo hapa. Walikuja pia Wangwana, watu wa Unguja na Tabora, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip. Mwenyewe alisimulia kwamba jina hilo watu walimpa kwa kuiga mlio wa bunduki zake. Wangwana walitafuta pembe za ndovu, na nguvu yao ilikuwa gobori, baruti na fataki. Bunduki ilileta pembe. Pembe iliuzwa Unguja. Fedha yake ikanunua bunduki nyingine. Mwaka 1888 Konseli Mkuu wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani ya mashariki. Na gharama yake ililipwa na nani? Na watu wa vijiji waliochomewa nyumba, wakafungwa minyororo, wakabebeshwa pembe hizo hizo.

Mwezi wa Agosti 1886 Wangwana walikipiga kituo cha Wazungu, kikaachwa na kuchomwa moto. Mfalme Leopold alipoona hana nguvu ya kukirudisha, mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa liwali wa maporomoko, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakatunga sheria ya kukomesha biashara ya watumwa. Sheria hiyo ilikataza kuingiza bunduki nzuri na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika. Magobori tu ndiyo yaliyoachiwa. Shabaha yake ilikuwa njema. Lakini serikali zenyewe ziliruhusiwa kuleta silaha kwa askari wao. Basi mlango ulifungwa kwa mmoja, ukabaki wazi kwa mwingine. Viwanda vya Liège, katika Ubelgiji, vilitengeneza bunduki aina ya Albini, na hizo ndizo walizoshika askari wa Leopold. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa Wangwana. Je, watu walipumzika? La. Baada ya pembe ulikuja mpira. Askari walipelekwa vijijini kuwalazimisha watu kuutafuta msituni. Risasi zao zilihesabiwa, na mahali pengi walidaiwa mikono iliyokatwa iwe ushahidi kwamba hawakuzipoteza bure.

Tena bunduki haina uaminifu kwa mwenye kuinunua. Mwezi wa Agosti 1964 Wasimba walipoingia Stanleyville, jeshi la serikali lilikimbia likaacha silaha nyingi, na waasi wakazishika. Zilizonunuliwa kwa kuwalinda raia zikawageukia raia. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani. Siku zile walikufa mateka wa kigeni pamoja na Wakongo wengi sana, ambao hesabu yao watu wa nje hawakuitafuta kwa bidii ile ile.

Vita vya siku sita wengi wetu twavikumbuka. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wa watu wengine. Sababu moja kubwa ilikuwa almasi. Mizinga ilipigwa juu ya vichwa vya watu. Kanisa Kuu la Bibi Yetu liliharibika, na shule na hospitali vilevile. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema waliuawa raia kati ya 244 na 760, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa.

Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliihukumu Uganda mwaka 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa madhara yote iliyoyafanya katika Kongo. Kuhusu Rwanda, mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Na aliyeyatengeneza makombora na kuyauza? Kesi ilikuwa kati ya serikali na serikali; yeye hakuitwa.

Hatusemi kwamba nchi ikae bila ulinzi. Ndugu zetu wa Ituri na Kivu wanajua taabu ya kijiji kisicho na mlinzi. Lakini historia ya mji huu inatufundisha kuuliza mambo matatu kila silaha inaponunuliwa. Inalipwa kwa mali gani? Kesho itashikwa na nani? Nayo ikimwua asiye na hatia, nani atajibu? Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010 juu ya silaha ndogo, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi za Afrika ya Kati zizitie alama silaha na kuziandika katika daftari. Ni mwanzo mwema. Maana katika hesabu za wauzaji zimo bei na faida. Makaburi ya Kisangani hayamo. Kuyahesabu hayo ni kazi yetu sisi, na ya wale tunaowatuma watutawale.