Noti zinazodumu kwa kupishana katika mwandiko wa ABC

Katika mwandiko wa muziki uitwao ABC, ambao Chris Walshaw wa Uingereza aliubuni ili nyimbo, khususan zile za asili, ziandikwe kwa herufi za kawaida tu, noti hufuatana moja baada ya moja. Kwa hiyo sauti iliyoanza mapema na ikaendelea kuvuma, ilhali nyingine zinaingia juu yake, haina budi kutafutiwa hila. Iliyo nyepesi kufahamika ni kuzitia noti zinazolia pamoja ndani ya mabano ya mraba na kuziunganisha kwa vistari: C-[C-E-][C-E-G-][CEG]. Lakini hapo noti moja hurudiwa kila pigo, jambo lichoshalo macho, na kistari kimoja kikisahauliwa sauti hukatika.

Iliyo bora, kwa ufupi na kwa uwazi, ni alama ya &, imrudishayo mwandishi mwanzo wa kipimo kilekile: C4 & z E3 & z2 G2. Ikiwa herufi tupu ni pigo moja, C hudumu mapigo manne, E huingia baada ya pigo moja la kimya ikadumu matatu, na G hufuata kwa mawili ya mwisho. Herufi x ikishika mahali pa z, kimya hicho huhesabiwa bila kuchapwa.

Wanakwaya wa Afrika Mashariki waliolelewa katika solfa ya John Curwen wataiona tofauti mara moja, kwani humo kila sauti ina mstari wake, na kistari baada ya nukta mbili huiendeleza kwa pigo zima.