Udi wa Misri, santuri ya Bombay: Nani mwenye taarabu?

WIKI chache zilizopita, mwanafunzi wangu wa uzamili alinijia ofisini na pendekezo la utafiti. Alinuia kuchunguza nyimbo za pwani, ila taarabu angeiweka kando. Nilipomuuliza kisa na maana, alijibu bila kusita: “Prof, hiyo ni sanaa ya Waarabu. Na wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa.”

Nilimwambia aketi. Hoja yake si ngeni. Nimeisikia katika makongamano, tena kutoka kwa watu wenye shahada nyingi kuliko zake. Jibu lake limo katika historia.

Tuanze na neno lenyewe. Taarabu linatokana na neno la Kiarabu ‘tarab’, ule msisimko unaomshika mtu anaposikia muziki ukamwingia. Udi nao ni neno la Kiarabu lenye maana ya mti au ubao. Ndiyo maana Mswahili ana udi wa kupiga na udi wa kufukiza. Vyote viwili asili yake ni mti. Wazungu waliichukua ala hiyohiyo kutoka kwa Waarabu, wakachukua na jina lake, wakaliviringa ulimini hadi likawa ‘lute’. Sijamsikia mtu akidai kwamba nyimbo za lute za enzi za Shakespeare si mali ya Waingereza. Mbona basi Mswahili ndiye aulizwe hatimiliki?

Husimuliwa kwamba Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaleta wanamuziki kutoka Misri waje kumtumbuiza. Hakukomea hapo. Alimtuma Mzanzibari, Mohamed Ibrahim, hadi Cairo akajifunze kupiga ganuni. Huyu aliporejea aliwafunza wenzake. Mnamo 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimedumu kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, nyimbo za mwanzo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa kasri na wenye nazo. Kufikia hapo, mwanafunzi wangu angekuwa na haki ya kusema huo ulikuwa muziki wa kuazima.

Kisha akaja binti kutoka kijiji cha Fumba. Alizaliwa takriban 1880 katika familia ya watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu, akitembea navyo hadi mjini huku akinadi kwa sauti. Takriban 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa ala, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Siti binti Saad. Shaaban Robert aliyaona maisha yake kuwa na uzito wa kuandikiwa wasifu.

Siti alifanya jambo moja kubwa: aliiimba taarabu kwa Kiswahili. Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake kwa meli hadi Bombay, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV. Tazama mchanganyiko huo: ala za Misri, kampuni ya Uingereza, studio ya India, lugha ya Fumba. Santuri hizo zilipochezwa migahawani, mchukuzi wa bandarini alielewa kila neno.

Na maneno hayakuwa ya mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa. Aliyemuua alitorokea bara, na waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Muziki uliokuja kumburudisha Sultani sasa ulikuwa ukiisuta mahakama.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kimvita, mengi yakitungwa na Ahmad Nassir. Zuhura Swaleh naye aliimba mbele ya taishokoto, ala iliyobuniwa Nagoya, Japani, mnamo 1912. Mwambie mtu wa Mombasa kwamba anachezea ngoma ya Kijapani, uone atakavyocheka!

Ninachokiona hapa ni kwamba kukopa hakukumfanya Mswahili mtumwa wa mtu. Kilichomlinda ni lugha. Aliyekuwa na la kusema kwa lugha yake aliweza kuchukua ala ya yeyote ikamtumikia. Hatari ingekuwa kuchukua ala pamoja na maneno, kisha kubaki kuimba usichokielewa kwa wasiokuelewa.

Lipo funzo la pili, na hili ni la wenye bajeti. Siku hizi tunachokiita mabadilishano ya utamaduni mara nyingi ni wachezaji ngoma kupandishwa ndege, kucheza siku tatu ughaibuni, kupiga picha na balozi na kurudi. Mohamed Ibrahim alipewa muda wa kujifunza hadi akaweza kufunza. Siti alirudi na santuri. Sisi tunarudi na fulana.

Nilimkumbusha mwanafunzi wangu kwamba yule aliyeitwa Mtumwa ndiye aliyeifanya sanaa ya ugenini iseme Kiswahili, na kwa njia hiyo akaacha mila mpya badala ya kuiacha ya kale. Mwaka wa 2005, Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo hizohizo, alituzwa na WOMEX huko Ulaya. Safari hii waliokuja kusikiliza walikuwa wageni.

Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza ni wapi atapata santuri za 1928. Nikajua pendekezo limebadilika.