Kihusishi Kimetoka Wapi? Kiingereza, Kiswahili na Historia ya Kategoria Moja ya Sarufi



Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni sentensi tatu za Kiswahili ili tuzitafsiri: Juma yuko nyumbani, Juma anatoka nyumbani, Juma anakwenda nyumbani. Darasa zima tulikosa. Kiingereza kinataka "at home" katika sentensi ya kwanza, "from home" katika ya pili, na katika ya tatu hakitaki kihusishi chochote. Wengi wetu tuliandika "in home" mara zote tatu, na wachache wakaandika "to home" pale pasipotakiwa kitu. Mwalimu alitukaripia kwamba hatujui vihusishi. Lakini hakuna aliyeuliza, na sisi wenyewe hatukujiuliza, kwa nini katika Kiswahili neno "nyumbani" halikubadilika hata kidogo katika sentensi zote tatu. Kiambishi -ni kilisema tu kwamba panazungumziwa mahali. Habari ya kuwapo, ya kutoka na ya kuelekea ilikuwa imebebwa na vitenzi.

Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza jinsi kategoria inayoitwa kihusishi ilivyofika katika sarufi yetu, na ilivyotuzuia kuona mahali ambapo Kiswahili kimeuweka uhusiano ambao Kiingereza huueleza kwa neno moja fupi.

Kategoria hiyo haikuzaliwa Uingereza. Sarufi ya Kigiriki inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, iligawa maneno katika aina 8, na mojawapo ni neno linalowekwa mbele ya maneno mengine. Warumi waliichukua hesabu hiyo. Kwa kuwa Kilatini hakina kibainishi kama cha Kigiriki, walikitoa hicho na nafasi yake wakaweka kiingizi, ili aina zibaki 8. Tangu hapo nambari hiyo ilipata heshima iliyopita hoja zake. William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, aliifuata ya Kilatini. Mahali pa vihusishi palikuwa pamekwisha tengwa kabla Kiingereza hakijaulizwa kina maneno gani.

Hata hivyo, kwa Kiingereza nafasi hiyo ilifaa, na sababu yake ni ya kihistoria. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vihusishi, lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na viishio vya nomino. Kiishio kimoja kilionyesha mmiliki, kingine mpokeaji. Kati ya karne ya 11 na ya 14 hivi viishio hivyo vilichakaa katika matamshi, vikafanana, kisha vingi vikatoweka. Kazi yake ilirithiwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi. Neno "of" likachukua sehemu kubwa ya umilikishi, na neno "to" likachukua upokezi. Mwanafunzi anayelalamika kwamba vihusishi vya Kiingereza vina maana nyingi mno ana haki ya kulalamika, ila ajue kwamba maneno hayo yamebebeshwa mizigo ya marehemu.

Tena vihusishi vya Kiingereza havikutoka mahali pamoja. "Beside" lilikuwa fungu la maneno lenye maana ya ubavuni. "Because" lina nomino ya sababu ndani yake. "During" na "concerning" ni maumbo ya vitenzi yaliyoganda. Tulishike jambo hili, kwa sababu tutalikuta tena kwetu.

Kivuli cha Kilatini kilileta pia makatazo. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa kumaliza sentensi na kihusishi, jambo lisilowezekana katika Kilatini. Alipotoa upya mwaka 1684 insha yake juu ya tamthilia, aliyaondoa makosa ya namna hiyo katika maandishi yake mwenyewe. Askofu Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alikuwa mpole zaidi. Alikiri kwamba lugha yake ina mwelekeo huo, na akakiri kwa sentensi iliyoishia na kihusishi. Sijui kama wasomaji wake wote walicheka.

Mizigo hiyo ndiyo waliyokuja nayo waliotuandikia sarufi za kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kutoa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Edward Steere alifuata na kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Steere alikuwa na sikio zuri. Alipofika kwenye sura ya vihusishi alikuta kapu karibu tupu, akakiri kwamba havizidi sana vinne: -a, kwa, na, katika. Mwandishi wa sarufi ya lugha isiyojulikana angeweza kusimama hapo na kujiuliza kama kapu lenyewe lilihitajika. Lakini wasomaji wake walikuwa Waingereza waliohitaji kusema "under" na "behind" siku ya pili yake, kwa hiyo kapu lilijazwa maneno kama "chini ya" na "nyuma ya".

Tuyatazame maneno hayo kwa karibu. "Ndani" ni nda, yaani tumbo, pamoja na -ni ya mahali. "Chini" ina asili ya ardhi au nchi, pamoja na -ni hiyohiyo. "Kando" ni ukingo, na "mpaka" ni mpaka, ule wa shamba. "Kuhusu" na "kutoka" ni vitenzi katika hali ya kitenzijina, kama vile "concerning" ilivyo kitenzi. Ajabu zaidi ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu. "Kabla" na "baada" katika Kiarabu hutangulia nomino moja kwa moja bila kiungo chochote. Yalipoingia Kiswahili yakavalishwa "ya", tukapata "kabla ya" na "baada ya", kama tusemavyo "kando ya" na "juu ya". Lugha ilipokea maneno ya kuhusisha, nayo ikayafanya mfano wa nomino zenye a-unganifu. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huu wa namna Kiswahili chenyewe kinavyopenda kupanga mambo.

Lakini sehemu kubwa ya kazi haimo katika maneno hayo hata kidogo. Imo kwanza katika upatanisho wa mahali. Tukisema nyumbani pake pana wageni, nyumbani kwake kuna wageni, nyumbani mwake mna wageni, tofauti ya mahali mahususi, mahali pa jumla na mahali pa ndani imo katika pa-, ku- na mu-, wala si katika neno lililotangulia nyumba. Mwingereza ataona hapa kitu kinachofanana na "at", "to" na "in", naye hatakuwa amekosea sana. Ila mipaka ya ngeli zetu haikukatwa kwa kisu hichohicho.

Imo pia katika kitenzi. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944 iliyofundisha vizazi vya walimu, aliita kauli ya kutendea umbo la kihusishi. Jina hilo ni sahihi kwa mfasiri na ni potofu kwa mwanaisimu. Mtu aliyehama Tanga ameiacha Tanga, na aliyehamia Tanga ameingia Tanga. Kiingereza kitahitaji "from" na "to". Sisi tumebadilisha kitenzi tu. Lakini kitu kinachonuka ni kibaya na kinachonukia ni kizuri, na hapo sikioni kihusishi cha Kiingereza kinachoweza kusaidia. Umbo hilo lina maisha yake. Halikai likingoja kufasiri "for".

Ni hapa ambapo kisa cha Dryden kinapata maana kwetu. Ili kutaja nyumba anayokaa, Mwingereza husema "the house I live in", na akitaja kisu kilichokata nyama husema "the knife he cut the meat with". Kihusishi chake kimebaki mwishoni kama mtoto aliyeachwa kituoni. Sisi tunasema nyumba ninamoishi, na kisu alichokatia nyama. "In" yake ni -mo- yetu, na "with" yake ni -i- ya kutendea. Ninaposoma tasnifu yenye "nyumba ninayoishi ndani yake", ninajua kwamba mwandishi ametafuta neno la kusimama mahali pa "in", na amelipata kwa kuacha alilokuwa nalo.

Njia huenda pia upande wa pili. Wanafunzi wetu huandika "discuss about", kwa kuwa katika Kiswahili tunaweza kujadili jambo na pia kujadiliana kuhusu jambo. Huandika "by foot", kwa kuwa "kwa miguu" na "kwa gari" yametumia "kwa" ileile. Hushindwa kutofautisha "throw to" na "throw at", kwa kuwa kumtupia mtu mpira na kumtupia mtu jiwe ni kitenzi kimoja, na uadui umo katika jiwe. Mwalimu anayetoa orodha ya vihusishi ikaririwe pamoja na tafsiri ya neno kwa neno anawapa wanafunzi ufunguo wa mlango mwingine. Afadhali awape kitenzi na kihusishi chake pamoja, kisha awaulize Kiswahili kimeyaweka wapi yale yale.

Sisemi kwamba lugha yetu imesimama. Vijana husema "kwenye meza" pale ambapo bibi zao walisema "mezani", na wazee wenzangu hulalamika. Lakini -ni haipendi nomino yenye kivumishi: tunasema nyumbani, ila "katika nyumba kubwa". Kadiri mafungu ya nomino yanavyorefuka katika maandishi, ndivyo "katika" na "kwenye" yanavyopata kazi. Huenda tunaona mwanzo wa safari iliyofanywa na Kiingereza viishio vyake vilipochakaa. Mimi silii. Ninaandika tu.

Mambo haya si ya darasani pekee. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria, na rundo la sheria zilizotungwa kwa Kiingereza likawa linangoja wafasiri. Kiingereza kina "by 30 June", yaani siku hiyo isipite kabla jambo halijatendeka, na kina "until 30 June", yaani jambo liendelee mpaka siku hiyo. Kamusi zinatupa "mpaka" na "hadi", na yote mawili asili yake ni nomino za kikomo. Basi mkataba ukiandikwa "mpangaji atalipa kodi hadi tarehe 30 Juni", je, atalipa mara moja kabla ya siku hiyo kupita, au atakuwa akilipa kila mwezi mpaka siku hiyo ifike? Mahakamani tofauti hiyo ni fedha, na pengine ni nyumba yenyewe. Hakuna kihusishi cha Kiswahili kitakachomwokoa mfasiri, naye asikitafute. Aandike "atalipa kabla ya kupita tarehe 30 Juni", au aandike "ataendelea kulipa hadi tarehe 30 Juni", kwa sababu kupita na kuendelea ni vitenzi, na huko ndiko "by" na "until" zinakokaa kwetu.