Mwana Hiti, Mwanasesere wa Mwali
Wazaramo, pwani ya Tanzania. Mti.

Hana mikono wala miguu. Fundi alichonga kiwiliwili cha mviringo, matiti na kitovu, kisha ufundi wake wote akauweka kwenye nywele: mafungu mawili yaliyosimama, mtindo wa wanawake wa zamani.

Binti aliyevunja ungo alikabidhiwa mwana hiti wakati amewekwa ndani. Alimwogesha, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto wa kumzaa. Wengine walirithiwa, bibi kwa mjukuu, maana ukoo wa Wazaramo hufuata mama. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye nguzo za makaburi na fimbo za wakubwa.

Enzi za Wajerumani baadhi ya wanasesere hawa walipelekwa Berlin. Huyu anahifadhiwa kwa sababu alitumika: tazama tumbo lilivyolainika kwa mafuta na viganja.