Ile ndege ya pundamilia

Wadau, kila kindege kikipita hapa Msasani namkumbuka Michael Grzimek. Yeye na baba yake, Bernhard, walijifunza urubani, wakarusha wenyewe Dornier Do 27 toka Ujerumani hadi Serengeti kuhesabu wanyama, mwaka 1958. Waliipaka mistari ya pundamilia. Usajili wake D-ENTE. Ente kwa Kijerumani ni bata!

Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tai, ikaanguka. Michael akafa na miaka 24, rika letu kabisa jamani. Kazikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Ila mwaka huohuo Wamaasai walihamishwa Serengeti. Mbona shuleni hatukuunganishiwa haya mawili? Mimi nikishika chaki, nitayafundisha kipindi kimoja.