Simu ikikataa kufungua habari: maana ya onyo la muunganisho usio salama na hatua za kuchukua

Umetumiwa kiungo cha habari kwenye kundi la WhatsApp. Kichwa chake kinahusu jambo linalokugusa: hali ya usalama nyumbani, mpaka, mgao wa chakula au safari za kurejea kwa hiari. Unabonyeza, lakini badala ya habari unapata ukurasa wenye alama nyekundu na maneno Your connection is not private au, kama simu yako iko katika Kifaransa, Votre connexion n'est pas privée.

Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huacha, wakiamini kwamba habari imefungiwa. Wengine hubonyeza kitufe cha kulazimisha ili wasome tu. Mara nyingi hakuna sababu ya kufanya hata moja kati ya hayo. Chanzo cha kawaida ni kidogo na unaweza kukirekebisha mwenyewe bila kumlipa fundi. Makala hii inaeleza maana ya onyo hilo, hatua za kufuata na mambo ya kuepuka.

Onyo hili lina maana gani?

Anwani nyingi za tovuti leo huanza na https. Herufi s ya mwisho ina maana kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefungwa kwa siri. Mtu aliye katikati, kwa mfano mwenye Wi-Fi unayotumia, hawezi kusoma wala kubadilisha yaliyomo, ingawa bado anaweza kujua umefungua tovuti gani.

Kabla ya mawasiliano kuanza, tovuti huonyesha cheti chake. Kifikirie kama kitambulisho: kina jina la mwenyewe, taasisi iliyokitoa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Chrome, Firefox, Safari au Opera Mini, hukagua mambo matatu:

- Je, jina kwenye cheti linalingana na anwani unayofungua?
- Je, taasisi iliyotoa cheti inajulikana na kuaminika?
- Je, tarehe ya leo iko ndani ya muda wa cheti?

Jibu moja tu likiwa hapana, kivinjari husimama na kukuonya. Kwa hiyo onyo halisemi kwamba habari ni ya uongo, wala kwamba simu yako ina virusi. Linasema kwamba kivinjari hakiwezi kuthibitisha kuwa ukurasa huo unatoka kweli kwa yule anayedai kuwa mwenye tovuti.

Hatua ya 1: Angalia tarehe ya simu

Anza hapa kila mara. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji, au iliyotolewa betri, inaweza kuwaka ikiwa imerudi kwenye tarehe ya zamani sana, hata mwaka 1970. Kwa simu hiyo, cheti kilichotolewa mwaka huu ni cha siku ambayo bado haijafika, hivyo inakikataa. Ikiwa tarehe imeruka mbele, simu itaona kwamba cheti kimeisha muda. Dalili kubwa ni hii: karibu kila tovuti inakataa, si moja tu.

Kurekebisha simu ya Android, fungua Mipangilio, inayoandikwa Settings kwa Kiingereza na Paramètres kwa Kifaransa. Tafuta sehemu ya tarehe na saa, kisha washa chaguo la kuweka tarehe na saa kiotomatiki. Kwenye iPhone, ingia Settings, kisha General, kisha Date & Time, na uwashe Set Automatically. Ukimaliza, funga kivinjari na ujaribu tena.

Kama hakuna mtandao wa kutosha, weka tarehe kwa mkono. Kuwa mwangalifu na mambo mawili:

- Simu hutumia saa za kimataifa. Saa mbili asubuhi kwa Kiswahili ni 8:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Ukiandika 2:00 utakuwa umekosea kwa saa sita au zaidi.
- Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele ya Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Kambini karibu na mpaka, simu inaweza kushika mnara wa nchi jirani na kubadilisha saa yenyewe.

Tofauti ya saa chache mara nyingi haileti onyo. Tofauti ya siku, mwezi au mwaka ndiyo inayoleta shida, kwa hiyo hakikisha kwanza mwaka ni sahihi.

Hatua ya 2: Angalia Wi-Fi unayotumia

Wi-Fi ya kituo cha jamii, shule au kibanda cha biashara mara nyingi hutaka kwanza ukubali masharti au uweke namba ya vocha. Kabla hujafanya hivyo, mtandao huo huizuia simu yako na kujaribu kukuonyesha ukurasa wake badala ya ule ulioomba. Kivinjari huona jina halilingani na hutoa onyo.

Usilazimishe. Angalia kama simu imekuletea taarifa ya kuingia kwenye Wi-Fi na uibonyeze. Kama haipo, andika kwenye kivinjari http://neverssl.com, tovuti ambayo haitumii https kwa makusudi. Ukurasa wa kuingia unapaswa kutokea. Ukishaingia, rudi kwenye habari yako.

Unaweza pia kuzima Wi-Fi na kujaribu kwa data ya laini yako kwa dakika moja. Ikiwa habari inafunguka kwa data lakini si kwa Wi-Fi, na umeshaingia kwenye Wi-Fi ipasavyo, tatizo liko kwenye mtandao huo. Usiutumie kwa mambo ya pesa au nywila, na umjulishe anayeusimamia.

Hatua ya 3: Jaribu kivinjari kingine

Kiungo ukikibonyeza ndani ya Facebook, mara nyingi hufunguka ndani ya programu hiyo hiyo. Bonyeza nukta tatu juu ya ukurasa na uchague kufungua kwenye Chrome au kivinjari kingine.

Wanaotumia Opera Mini kuokoa bando wakumbuke kwamba, katika hali ya kubana data zaidi, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera. Ukurasa ukigoma, punguza kiwango cha kubana au tumia kivinjari kingine. Kama umewasha VPN, izime na ujaribu tena. Baadhi ya programu za bure za VPN huleta onyo zenyewe. Sheria kuhusu VPN hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Hatua ya 4: Angalia umri wa simu

Simu huja na orodha ya taasisi za vyeti inazoziamini. Simu isiyopata masasisho hubaki na orodha ya zamani. Mfano ni Let's Encrypt, taasisi isiyo ya kibiashara ya Marekani inayotoa vyeti bure na inayotumiwa na tovuti nyingi sana. Cheti kikuu cha zamani kilichokuwa kikiiunga mkono kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na iPhone zenye iOS 9 au ya chini zikaanza kuonyesha onyo. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 ziliendelea kwa mpango maalumu, ambao ulimalizika Septemba 2024.

Toleo la Android utaliona kwenye Mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu. Kama ni la zamani, sakinisha Firefox kutoka Play Store ikiwa simu yako bado inaipokea. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya taasisi za vyeti, haitegemei ya simu. Masasisho hula MB nyingi, kwa hiyo subiri Wi-Fi unayoiamini.

Usikubali simu ifutwe yote kwa sababu ya onyo hili kabla ya kupitia hatua hizi. Ukifuta simu unaweza kupoteza picha za nyaraka zako, namba za ndugu na ujumbe ambao hutaupata tena.

Hatua ya 5: Huenda kosa ni la tovuti

Ikiwa tovuti nyingine zote zinafunguka, tarehe ni sahihi, na simu ya jirani inapata onyo lile lile, basi wenye tovuti ndio wenye kazi. Vyeti vya Let's Encrypt, kwa mfano, vimekuwa vikidumu siku 90, na tovuti isipokifanya upya kwa wakati huonekana mbovu kwa kila mtu. Subiri saa chache. Wakati huo, itafute habari hiyo kwenye redio au chombo kingine unachokiamini.

Maneno unayoweza kuyaona chini ya onyo

- ERR_CERT_DATE_INVALID: tarehe ya simu si sahihi, au cheti cha tovuti kimeisha muda. Rudi hatua ya 1, kisha hatua ya 5.
- ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID: jina kwenye cheti halilingani na anwani. Kagua Wi-Fi, na usome anwani herufi kwa herufi.
- ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID: aliyetoa cheti hajulikani. Inaweza kuwa Wi-Fi, simu ya zamani au udanganyifu.
- ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH: simu na tovuti hazikubaliani njia ya kufunga mawasiliano. Sababu moja ni simu au kivinjari cha zamani.
- ERR_CONNECTION_TIMED_OUT: hili si suala la cheti. Mtandao ni dhaifu au tovuti haijibu.

Mambo ya kutofanya

Usibonyeze Advanced kisha Proceed ili kupita onyo, hasa pale unapoombwa nywila, PIN ya pesa za simu, namba ya kadi ya mkimbizi au ya faili lako. Usipakue faili linaloitwa cheti au "usasisho wa usalama" ulilotumiwa na mtu au ukurasa. Onyo la kweli la kivinjari halikuombi pesa, halikupi namba ya kupiga na halikutaki usakinishe kitu.

Kufuli halithibitishi ukweli

Kukosekana kwa onyo si ushahidi kwamba habari ni ya kweli. Cheti huthibitisha anwani, hakithibitishi uaminifu wa mwenye anwani. Tapeli naye anaweza kupata cheti bure kwa tovuti yake mwenyewe, na ukurasa wake ukafunguka bila shida yoyote.

Kwa hiyo soma anwani. Angalia maneno yaliyo mwishoni, kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Katika https://help.unhcr.org/kenya, mwenye tovuti ni unhcr.org. Anwani kama https://unhcr.org.example.com/kenya ingekuwa ya example.com, hata kama imeanza na jina la UNHCR. Huduma za UNHCR na washirika wake, ikiwemo usajili na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni bure. Ukurasa unaodai ada si wa kweli, uwe na kufuli au usiwe nalo.

Kama tayari umepita onyo na kujaza taarifa

Usione aibu, chukua hatua mapema. Badilisha nywila ukitumia simu nyingine au mtandao mwingine. Kama uliandika PIN, ibadilishe na uwapigie watoa huduma wa pesa za simu. Ondoa programu yoyote uliyosakinisha kutoka ukurasa huo. Kama ulitoa namba ya kadi au ya faili, nenda mwenyewe kwenye dawati la ulinzi la kambi au makazi yenu ueleze kilichotokea.

Na kama habari inahusu uamuzi mkubwa, kama vile kurudi nyumbani, kuuza mali au kusafiri, usiitegemee simu peke yake. Muulize kiongozi wa zoni au bloku yenu, au fika kwenye kituo cha taarifa, kabla ya kuamua na kabla ya kuisambaza kwa wengine.