Nabongo na wageni wa Elureko

Anayetoka Kakamega kwenda Mumias hupita Shianda, katika nchi ya Wawanga, na mbele kidogo hufika palipokuwa Elureko, makao ya Mumia, Nabongo (mfalme) wa Wawanga. Misafara ya pwani ilipaita Kwa Sundu, jina lililotokana na Shiundu, babake Mumia.

Waswahili walitangulia kufika, wakitafuta pembe za ndovu. Mvumbuzi wa Kiskoti, Joseph Thomson, akafuata mwaka 1883. Mwaka 1885 akapita Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana, akauawa mbele huko Busoga, Uganda. Mifupa yake ilirudishwa Elureko, ikazikwa huko hadi ilipopelekwa Namirembe, Kampala, mwaka 1892.

Kwa mfalme wa nchi ndogo, mgeni mwenye bunduki alikuwa hatari na pia kinga. Mumia akachagua kumkaribisha. Ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley alipofika mwaka 1895, alipata kituo, chakula na wapiganaji, na mwaka huohuo Wawanga walishirikiana na Waingereza kuwapiga Wabukusu. Machungu ya vita hivyo hayapaswi kufichwa.

Mwaka 1909 Mumia akatawazwa chifu mkuu. Hata hivyo, mwaka 1920 Waingereza walihamisha ofisi zao kutoka Elureko hadi Kakamega. Mumia alibaki Elureko, akafariki mwaka 1949.